Kuwajibika sio kuwajibishwa

Jumamosi kwenye kikao cha kikundi chetu cha samaki hapa Tanga, baada ya samaki kutuharibikia kwenye friza, mwenyekiti kasimama kasema "kwa hasara hii lazima mtu awajibike", basi kila mtu kainamisha kichwa, maana wote tulisikia kitu kimoja, kwamba kuna mtu atakatwa hela au atatolewa. Na sio yeye tu, maofisini ndo hivohivo, redioni hivohivo, mpaka saivi kuwajibika limekuwa jina la adhabu. Linaniuma sana hili neno.

Maana yake ni fupi. Kuwajibika ni mtu kuubeba wajibu wake mwenyewe na kuwa tayari kutoa hesabu yake, iwe kheri iwe shari. Basi.

Sasa neno lenyewe limetoka wapi. Wajibu ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuanguka, kutua mahali. Aliyesoma Suratul Hajj aya ya 36 analijua, pale panapotajwa ngamia wa kuchinjwa, "wajabat", yaani mbavu zao zikishaanguka chini. Mimi hilo nilifundishwa chuoni Ngamiani nikiwa mdogo na halijanitoka, kwamba wajibu ni kile kilichokuangukia, kimetua kwako, hakiendi kwa jirani. Ndo maana mpaka leo tunasema jukumu limeniangukia.

Alafu Kiswahili kikalichukua kikalifanyia kazi yake. Tia -ika unapata wajibika, tia -isha unapata wajibisha, na hapo ndo watu wanapochanganya. Angalia kuelimika na kuelimishwa. Unaweza ukaelimishwa mwaka mzima, semina juu ya semina, na usielimike. Kuelimishwa ni kazi ya mwalimu, kuelimika kunatokea ndani yako wewe. Basi na hili ni hivohivo, kuwajibishwa kuna mkono wa mtu mwingine, bosi au bodi au mkutano mkuu, na mtu anaweza akawajibishwa kila mwezi, barua ya onyo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asiwajibike hata siku moja.

Wengine watasema mbona mzee Mwinyi aliwajibika. Ndio, aliwajibika, na yeye ndo ushahidi wangu. Miaka ya sabini alikuwa waziri wa mambo ya ndani, wananchi wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, yeye mwenyewe hakumgusa mtu, mwaka 1977 akajiuzulu kwasababu wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa rais. Tatizo tumeshika kule kujiuzulu tukaacha kile kilichomfanya ajiuzulu, saivi ukisikia "waziri awajibike" ujue wanataka aondoke tu, hesabu hakuna anayeitaka.

Nirudi kwenye friza letu. Jioni umeme ulikatika, mtu kazima swichi ukutani ili ukirudi kwa nguvu usiunguze mashine, jambo zuri kabisa. Umeme umerudi usiku. Watu wanne tumepita pale, mimi mmojawapo, taa ya nje inawaka, kila mmoja kajua mwenzie keshawasha. Asubuhi nafungua mfuniko, samaki aina ya changu macho yameshaingia meupe, maji mekundu yamejaa chini, na vibua vilivyokuwa juu ndo usiseme.

Wasomi wa mambo ya watu makazini wanalijua hili. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walikuwa wanamweka mwanafunzi chumbani anaongea na wenzie kwa maikrofoni, ghafla mmoja anasikika kashikwa na kifafa. Walioamini wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla ile sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31. Watu ni walewale, hawana roho mbaya, ila wajibu haukumwangukia mtu, ulibaki hewani.

Na sisi huku pwani tuna maneno yake kabisa, faradhi aini na faradhi kifaya. Swala tano ni yako, hakuna wa kukusalia. Swala ya jeneza wakiisali baadhi imetosha, ila asipoisali yeyote dhambi ni ya wote. Vikundi vyetu na maofisi yetu tumefanya kila kitu kifaya, friza kifaya, risiti kifaya, ufunguo kifaya, alafu mambo yakiharibika tunatafuta mmoja tumgeuzie iwe aini. Hapo ndo pananiuma, kwasababu yule tuliyemkata hela Jumamosi ndo yuleyule aliyezima swichi kuliokoa friza.

Kwahiyo mwenyekiti, kaka yangu, na nakuheshimu, siku nyingine ukitaka kumkata mtu hela sema atawajibishwa, ndo neno lake hilo. Na ukitaka awajibike mwambie mapema, Jumatatu asubuhi, samaki wakiwa bado wazima, mpe ufunguo mkononi umwambie wiki hii friza ni lako. Wiki hii nimeuomba mimi.