Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Kwenye jimu za Kisumu hakukosi mgeni aliyevaa sweta nzito, tumbo kalifunga nailoni, akiamini kadiri anavyotoka jasho ndivyo kitambi kinavyoyeyuka. La. Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Ukipoteza lita 1, mizani itashuka kilo 1. Ukishakunywa maji, itarudi palepale. Mafuta huvunjwa ndani ya seli, na sehemu kubwa hutoka kama hewa ya kaboni unapopumua.

Tena nailoni huzuia jasho kukauka, na kukauka huko ndiko kunakopoza. Kwa joto la kando ya ziwa, utaambulia kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza.

Fulana nyepesi yatosha. Anza na siku 3 kwa wiki, usizifuatanishe: dakika 5 za kupasha mwili, kisha kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, na kuvuta uzito kuelekea kifuani, kila moja seti 2 za marudio 10. Mgongo ukianza kupinda, punguza uzito, hata jirani akikutazama. Kiuno kipime kwa utepe wa fundi cherehani kila wiki 2, asubuhi kabla ya chai.