Ukikuta ofisi ya kijiji imefungwa, kuna mambo ya kujua

Kila tukienda vijijini kutoa elimu kuna swali moja halikosekani, "mtaalam, mbona mtendaji wetu hakai ofisini?" Mtu kaamka alfajiri anataka barua ya utambulisho aipeleke benki au NIDA, kafika kakuta kufuli, kapiga simu haipokelewi, kesho yake hivohivo, mwisho anasema mtendaji ni mvivu na serikali ya kijiji imekufa. Wavivu wapo, sitawatetea. Ila mara nyingi tatizo liko kwingine kabisa na ndo nataka tuelewane hapo.

Kuna kijana mmoja alikuja kwenye mafunzo yetu, mtendaji wa kijiji, bado mdogo tu. Wakati wa chai akafungua begi anatafuta chaja nikaona mihuri mitatu imeviringishwa kwenye kitambaa, kila mmoja kaubandika plasta yenye herufi ya kwanza ya jina la kijiji ili asije akakosea kugonga. Nikamuuliza vipi, akaniambia mmoja wa kijiji changu, hii miwili ya majirani hawana mtendaji, nawashikia huu mwaka wa pili. Jumatatu yuko kwake, Jumanne na Jumatano vijiji vya jirani, Alhamisi vikao vya kata, Ijumaa anaitwa halmashauri na taarifa za mapato, na bodaboda anajilipia mfukoni. Sasa wewe uliyekuta kufuli Jumanne, yeye siku hiyo alikuwa kazini, ila kazini kwa wenzako.

Nchi yetu Tanzania ina halmashauri 184, vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000, na kila kijiji na kila mtaa unatakiwa kuwa na mtendaji wake. Wa kijiji ndo katibu wa halmashauri ya kijiji, ndo anaandika mihtasari, ndo anatunza hela na daftari la wakazi, ndo anapokea wageni wote kuanzia bwana shamba mpaka watu wa sensa. Nafasi yake ikikaa wazi hakuna mwingine pale kijijini wa kuziba, na kumpata mpya sio jambo la wiki moja kwa sababu halmashauri haiwezi kuajiri kwa kujiamulia tu, lazima ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopitishwa, iruhusu, kibali cha ajira kitoke Ofisi ya Rais Utumishi na mshahara uwepo kwenye bajeti. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuandika barua tatu za kuomba watu na asipewe hata mmoja mwaka huo.

Pengo hili lina historia. Mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, yaani serikali kuu kupeleka madaraka yake mikoani na wilayani, halmashauri za wilaya zilifutwa na wataalam wake wakatawanyika kwenye ofisi za mkoa na wilaya, za miji nazo hazikubaki. Za miji zikarudi 1978, za wilaya mpaka 1984 baada ya sheria za serikali za mitaa za 1982, na ziliporudi zilianza upya karibu kila kitu, watu wazoefu hazina. Juzijuzi tena 2017 ukaja uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi, na kipindi hicho hicho watendaji walioishia darasa la saba nao wakaondolewa. Waliokuwa wameajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 walikuja kurudishwa 2018, ila katikati hapo vijiji vingi vilibaki bila mtu. Kuondoa vyeti feki ilikuwa lazima na naunga mkono. Ninachosema ni kwamba ukiondoa mtu bila kuandaa wa kushika nafasi yake anayeumia ni mwananchi anayesubiri barua.

Huko juu halmashauri nako kuna ugonjwa wa ukaimu, yaani mtu kushikilia cheo kwa muda bila kuthibitishwa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinasema mtu akaimu madaraka isizidi miezi sita, lakini ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikitaja wakuu wa idara wanaokaimu kupita huo muda. Mtu anayekaimu anaogopa kuamua jambo kubwa, anaogopa kumwajibisha mwenzake ambaye kesho anaweza kuwa bosi wake, kila kitu anasema tusubiri, na wewe kule chini unaona faili lako halisogei.

Alafu kuna hili la mwenyekiti na mtendaji, watu wengi wanawachanganya. Mwenyekiti wa kijiji mnamchagua nyinyi kila baada ya miaka mitano, uchaguzi wa karibuni ulikuwa Novemba 27, 2024, na hana mshahara. Mtendaji ameajiriwa, ana mshahara, na bosi wake ni mkurugenzi, ambaye naye anateuliwa na Rais. Kwahiyo mmoja anawatazama nyinyi, mwingine anatazama juu, na wakigombana kijiji kinasimama. Nimeshuhudia kijiji mwenyekiti kakaa na muhuri nyumbani kwake eti mtendaji mgeni hajui mila za hapa, miezi minne hakuna kikao hata kimoja. Wote wawili walikuwa watu wazuri, hakuna aliyewahi kuwakalisha chini kuwaelekeza nani anafanya nini. Mafunzo yanatolewa sana mwanzoni baada ya uchaguzi, siku mbili tatu, basi, na hapo naona serikali na sisi wakufunzi tumepungukiwa kweli.

Sasa nyie wananchi mfanye nini. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na ndo wenye nguvu kuliko mwenyekiti na mtendaji, hata ardhi ya kijiji halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu kabla mkutano mkuu haujaridhia, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 iko wazi. Msiulize tu mapato na matumizi. Ulizeni pia, mtendaji wetu ni wa kwetu peke yetu au tunagawana na wengine, na tangu lini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, liende kamati ya maendeleo ya kata, diwani alibebe mpaka baraza la madiwani. Malalamiko ya mdomo kijiweni hayafiki kwa mkurugenzi, muhtasari wenye sahihi unafika. Na ukiambiwa utoe hela ya muhuri dai risiti ya serikali, isipokuwepo usitoe.

Kijana yule wa mihuri mitatu, mkutano mkuu wa kwao ulikubaliana siku zake wakaziandika kwa rangi mlangoni, Jumatatu kutwa nzima, chini yake namba ya mwenyekiti kwa dharura. Muhtasari wa kuomba mtendaji kwa vijiji vile viwili umeshapita kata. Mlango siku nyingine bado unafungwa, ila bibi anayetoka kitongoji cha mbali hatembei tena kilomita saba kuja kuangalia kufuli.