Je, wajua kimondo cha Mbale ni masalia ya ujenzi wa sayari?

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha Mbale, mashariki mwa Uganda. Kimondo kilipasuka angani kwa kishindo, vipande vikatawanyika mjini na vijijini. Kimoja cha gramu chache tu kilimwangukia kijana kichwani, lakini hakikumdhuru kwa sababu kilipitia kwanza kwenye majani ya mgomba. Kisa hicho ndicho kinachosimuliwa zaidi. Kwangu mimi, ajabu kubwa ni jiwe lenyewe.

Karibu miaka bilioni 4.6 iliyopita, sehemu ya wingu kubwa la gesi na vumbi iliporomoka kwa uvutano wake yenyewe. Kadiri ilivyosinyaa ndivyo ilivyozidi kuzunguka kwa kasi, mpaka ikatandazika kama chapati. Katikati yake likazaliwa Jua, likajitwalia zaidi ya asilimia 99 ya maada yote. Sayari zote, hata Mshtarii lile pandikizi, ziliundwa kwa kile kilichobaki.

Vumbi lilinatana na vumbi, vikawa vijiwe, kisha miamba ya kilomita nyingi iliyovutana na kugongana. Karibu na Jua joto halikuruhusu barafu, ndiyo maana Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi ni za mawe na chuma. Mbali zaidi barafu ilikuwapo tele. Viini vya Mshtarii na Zohali vikanenepa upesi na kunasa gesi kabla haijatoweka.

Kati ya Mirihi na Mshtarii mambo yalikwama. Uvutano wa Mshtarii uliivuruga miamba ya huko isiungane kuwa sayari, na mpaka leo inalizunguka Jua. Vimondo kama cha Mbale hutoka huko. Huitwa kondriti, kwa sababu ya chembe za duara zilizomo ndani yake: matone ya mawe yaliyoyeyuka na kuganda yakielea angani, sayari zikiwa bado zinajengwa.

Dunia yenyewe haikutunza mawe ya siku hizo. Iliyeyuka, chuma kikazama kitovuni, na miamba imekuwa ikifinyangwa upya tangu hapo; Mlima Elgon, unaoitazama Mbale, ni lava ya juzi tu ukilinganisha. Kwa hiyo Mmarekani Clair Patterson alipotafuta umri wa Dunia, alipima madini ya risasi ndani ya vimondo. Mwaka 1956 alitangaza jibu: miaka bilioni 4.55. Vipimo vya kisasa havijalisogeza sana.