Mfululizo wa hadithi za kutisha kwa watoto: ni kitu gani hasa?

Ni vitabu vifupi vinavyotoka kimoja baada ya kingine chini ya jina moja, vyote vikiwa na kiwango kilekile cha hofu. Hapo kwenye kiwango ndipo penye uzito. Mtoto anayefungua kitabu cha tisa anajua tayari atatishwa kiasi gani, na anajua mhusika atatoka salama. Akikuta humo maiti iliyokatwakatwa, wakati vinane vya mwanzo vilikuwa vya vivuli na milango inayojifunga, hatagusa cha kumi. Mzazi wake naye hatanunua.

Mfululizo uliovuma zaidi ni Goosebumps wa R. L. Stine wa Marekani, ulioanza mwaka 1992. Hadi awamu yake ya kwanza inafungwa mwaka 1997 ulikuwa na vitabu 62. Karibu kila kisa kina watoto wapya na mahali papya, kwa hiyo msomaji anaanzia popote. Aina nyingine hushika kundi moja la watoto kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hii hujenga mapenzi kwa wahusika, ila ina kasoro yake: ikifika kitabu cha nne, msomaji anajiuliza watoto hawa hawajakoma tu kuingia magofuni?

Kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12, kipimo kinachofaa ni kurasa 120 hivi, sura 25 hadi 30, kila sura kurasa nne au tano. Mhusika mkuu apewe miaka 12, kwa sababu watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Wazazi wawepo, ila wasisadiki wanachoambiwa. Jambo la kwanza la ajabu litokee kabla ya ukurasa wa 15.

Injini ya yote ni mwisho wa sura. Kila sura hukatwa penye taharuki, na mshtuko wenyewe ni wa namna mbili: wa kweli na wa uongo. Tuseme Mwanaidi wa Ngamiani, Tanga, ametumwa baada ya magharibi kuchukua kanzu kwa fundi, barabara ya 14. Anasukuma mlango. Cherehani inakwenda, kikanyagio kinapanda na kushuka, kitini hamna mtu. Sura inakatwa. Sura inayofuata, fundi anachomoza chini ya meza: alikuwa ameinama kutafuta bobini iliyodondoka, huku mkono mmoja ukikisukuma kikanyagio kuona kama kimelegea. Huo ni mshtuko wa uongo, na wengi huuachia hapo. Hapo ndipo wanapoharibu. Mshtuko wa uongo lazima uache deni. Mwanaidi akifika nyumbani akaikunjua kanzu, akute ndani ya ukosi limeshonwa jina lake, na uzi bado umelowa maji. Ukimpa msomaji mishtuko mitatu ya paka na upepo isiyoacha kitu, wa nne hatauamini hata ukiwa wa kweli.

Mandhari Tanga si tatizo. Kuna mapango ya Amboni yenye popo na giza zito, makaburi ya kale ya Tongoni, na kisiwa cha Toten mbele ya bandari. Tatizo ni viumbe. Kwa msomaji wa pwani jini si wa kubuni. Nyumbani anasikia watu wakizungumza habari zake kwa dhati, na Amboni kwenyewe wapo wanaokwenda kutambika. Ukimweka jini wa kawaida kitabuni, hofu haifungiki pamoja na kitabu. Popobawa, kiumbe anayesemekana kuvamia watu usiku, ndiyo kabisa: mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu wazima walikuwa wakilala nje kwa makundi kwa kumhofia, na visa vyake si vya kumsimulia mtoto. Mumiani, mtu anayedaiwa kunyonya watu damu, naye ni uvumi, na uvumi huo ukimwangukia mtu asiye na hatia humdhuru kweli. Heri kubuni kiumbe kipya na kumpa masharti yake mawili au matatu.

Masharti hayo yatajwe mapema, yasigeuke. Kama kiumbe havuki maji ya chumvi katika sura ya 6, asionekane anaogelea Raskazone katika sura ya 22 eti kwa kuwa mwandishi amekwama. Ushindi wa watoto utoke katika sharti hilohilo, kwa akili zao wenyewe. Akija mjomba mwenye tochi kuwaokoa, kitabu kimekufa. Umeme kukatika ni njia rahisi mno. Ruhusu mara moja tu. Simu ya mkononi nayo ipatiwe jibu la kueleweka, kwani msomaji atauliza kwa nini hawapigi: ndani ya pango mtandao haushiki, ila mtaani Chumbageni itabidi utafute sababu nyingine.

Hubaki kitisho cha ukurasa wa mwisho, kile kinachoashiria kwamba mambo hayajaisha. Kisizidi aya moja, kitokane na kitu ambacho msomaji alishakiona akakipuuza, na kisifute ushindi walioupata watoto.