Kanuni ya Maandiko: vitabu vya Agano Jipya vilikubaliwaje?

Neno kanuni tunalitumia kila siku: kanuni za afya, kanuni za hesabu, kanuni za Bunge. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, ila asili yake ni neno la Kigiriki kanon, fimbo iliyonyooka ambayo fundi aliitumia kupimia kazi yake. Wakristo wa mwanzo waliita hivyo kipimo cha imani, yale ambayo mtu aliyakiri anapobatizwa. Ilikuwa karne ya 4 ndipo neno hilo lilipohamia kwenye vitabu. Kwa hiyo kanuni ya Maandiko ni orodha ya vitabu ambavyo kanisa limevipokea kuwa Neno la Mungu, na ambayo haiongezwi wala haipunguzwi.

Wengi wameambiwa kwamba orodha hiyo ilipigiwa kura katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325, Kaisari Konstantino akiwapo. Si kweli. Nisea ilishughulikia mafundisho ya kasisi Arius, aliyesema Kristo aliumbwa, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa. Kanuni zake 20, yaani sheria za kanisa ilizozitunga, zipo mpaka leo, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu. Nalisisitiza hili kwa sababu hadithi ya kura inawasahau waliofanya kazi yenyewe: waamini wa kawaida, wengi wao wasiojua kusoma, walioketi wakasomewa kwa vizazi vingi.

Maana mambo yalianzia hapo, kwenye kusomwa. Paulo anawaagiza Wakolosai kwamba wakiisha kuisoma barua yake, isomwe pia Laodikia. Barua zikanakiliwa kwa mkono, zikasafiri mji hadi mji. Kufikia katikati ya karne ya 2, mwandishi Mkristo Yustino anaeleza akiwa Roma kwamba siku ya Jumapili kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii husomwa mbele ya watu kadiri muda unavyoruhusu. Kitabu kilichoingia katika usomaji huo kilikuwa kimeshaanza safari ya kuwa Maandiko.

Aliyewashtua watu wakaanza kuhesabu ni Marcion, tajiri wa Sinope kwenye Bahari Nyeusi. Alilikataa Agano la Kale lote, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza na barua 10 za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga mnamo mwaka 144. Orodha yake fupi iliwalazimisha wengine waseme yao ni ipi, na mnamo mwaka 180 Irenei, askofu wa Lyon, akatetea Injili nne, sawasawa na pepo nne za dunia.

Lakini vitabu vilichujwa vipi hasa? Kisa cha Serapioni, askofu wa Antiokia, kinaeleza vizuri kuliko nadharia yoyote. Karibu na mwaka 200 alikuta Wakristo wa mji wa Rhossus wakisoma Injili ya Petro. Hakuwa ameisoma, akawaruhusu. Baadaye alisikia kwamba ndani yake mna fundisho la watu waliodai Kristo alionekana tu kuwa na mwili. Akaazima nakala, akaisoma yote, kisha akawaandikia: sehemu kubwa inapatana na imani, ila kuna nyongeza. Petro mwenyewe tunampokea, akasema, lakini maandiko yaliyobandikwa jina lake kwa uongo hatuyapokei. Maswali yake mawili, kama kitabu kimetoka kwa mitume na kama kinapatana na imani iliyorithiwa, yalikaa pamoja na la tatu: je, makanisa ya kila mahali yanakisoma?

Mwaka 303 suala hili liligusa uhai wa watu. Kaisari Diokletian aliamuru Maandiko yachomwe. Katika mji wa Cirta, Afrika ya Kaskazini, maofisa walilipekua kanisa wakapewa kitabu kimoja tu kikubwa. Vingine viko kwa wasomaji, yaani waliowasomea watu Maandiko kanisani, wakaambiwa. Mashemasi wasaidizi wawili waliombwa wawataje hao wasomaji. Walijibu kwamba wao si wasaliti, heri wauawe. Naamini mtu anayesimama mbele ya askari namna hiyo anajua vizuri ni kitabu kipi anachokilinda.

Miaka michache baadaye, Eusebi, askofu wa Kaisaria na mwandishi wa historia ya kanisa, aliandika kwamba nyaraka za Yakobo, Yuda, Petro wa pili, na Yohana wa pili na wa tatu bado zilikuwa na wapinzani, na kuhusu Ufunuo mwenyewe alisitasita. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile tulivyo navyo imo katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Atanasi, askofu wa Aleksandria. Humo anasema Didake na Mchungaji wa Hermas, maandiko mawili ya Wakristo wa mwanzo, vinafaa kuwafundishia wanaoanza imani, ila havimo katika orodha. Sinodi (mikutano ya maaskofu) za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 zikathibitisha 27 hivyo. Miji yote mitatu iko Afrika, na inastahili kutajwa hivyo katika mafundisho yetu ya dini.

Hata hivyo makanisa hayakulingana kila mahali. Biblia ya kale ya Kisiria ilikuwa na vitabu 22 vya Agano Jipya. Katika Agano la Kale Wakatoliki wana vitabu 46, na Mtaguso wa Trento ulivithibitisha mwaka 1546. Waprotestanti wana 39, ndiyo maana Biblia ya Union Version ina vitabu 66 na ya Kikatoliki ina 73. Tofauti ni Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na vingine vinavyoitwa deuterokanoni. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lenyewe huhesabu vitabu 81, na kimojawapo ni Henoko. Fungua waraka wa Yuda, mstari wa 14: maneno ya Henoko yaliyonukuliwa pale yamo katika kitabu hicho, ambacho Waethiopia wamekihifadhi kizima kwa Kigeez, lugha yao ya kale.