Mwenyeji wa kongamano si lazima awe mwamuzi wa makala

Wengi huamini kwamba chuo kinachopokea kongamano la kimataifa la sayansi ndicho huchagua makala zitakazowasilishwa. Ni rahisi kuona hivyo: nembo yake iko kwenye bango na hata kwenye mkoba wa mshiriki.

Kwa kawaida, makongamano yanayohama nchi kwa nchi huwa na kamati ya kudumu inayochagua mji na kulinda kanuni. Makala husimamiwa na kamati ya programu, ambayo huzipeleka kwa wataalamu wazisome. Wenyeji hubeba ukumbi, malazi na barua za viza, kazi nzito isiyothaminiwa ipasavyo.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kurasa za mwanzo za kitabu cha makala za kongamano lililopita. Wanakamati huorodheshwa hapo, pamoja na vyuo vyao. Chagua mmoja, mtafute kwenye tovuti ya chuo chake, umwulize nani huchagua makala kabla hujalipa ada ya kushiriki.