Trochilus na collybita: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, kwenye migunga na bustani za Afrika Mashariki huonekana ndege mdogo wa kijani kilichofifia, urefu wake kama sentimita 11, asiyetulia tawini. Huyo, kwa jina la kisayansi, ni Phylloscopus trochilus, mgeni kutoka Ulaya na Siberia. Ana nduguye, Phylloscopus collybita, na watu huwachanganya kila mara.

"Ni ndege mmoja, wamepishana umri tu." Sivyo. Mwaka 1768 kasisi Mwingereza Gilbert White aliwatenganisha kwa kusikiliza nyimbo zao. Collybita hurudia sauti mbili, chif-chaf, chif-chaf, bila kuchoka. Wimbo wa trochilus huanzia juu, ukashuka taratibu hadi ukapotea.

"Tazama miguu: myeusi ni collybita, iliyopauka ni trochilus." Dhana hii inapotosha kwa sababu mara nyingi ni kweli. Wapo trochilus wenye miguu myeusi, na kwenye kivuli cha majani kila mguu ni mweusi. Mimi ningeanza na bawa. Trochilus huvuka Sahara, na wale wa mashariki ya Siberia husafiri zaidi ya kilomita 10,000 kuja huku, kwa hiyo bawa lao ni refu: likikunjwa, ncha zake huchomoza mbali. Collybita wengi huishia maeneo ya Mediterania, na bawa lao ni fupi, la mviringo. Watafiti wanaowavisha ndege pete za utambulisho miguuni hulikunjua bawa kabisa na kukagua unyoya wa sita kutoka nje. Wa collybita ukingo wake umebonyea kuelekea nchani. Wa trochilus umenyooka. Aliye mbali na ndege amtazame mkia: collybita huushusha-shusha bila kukoma anapowinda wadudu.

"Wageni hawaimbi Afrika." Trochilus huimba, hasa Machi na Aprili anapojiandaa kurudi. Collybita usimtarajie Nairobi wala Arusha. Upande huu wa bara huonekana zaidi nyanda za juu za Ethiopia.

"Manyoya hubadilika mara moja kwa mwaka." Trochilus huyabadilisha yote mara mbili, kule kwao baada ya kuzaa na tena akiwa huku. Ukimkuta katikati ya zoezi hilo, bawa lina mapengo na kipimo cha urefu hakifai. Hapo rudi kwenye sauti.